Mfyekaji wa Njia

Tangu vita vituondolee vijana hapa Kashebere, mfyekaji wa njia hana tena watu wa kutosha kufyeka vijia vyote vya vilima hivi. Kila Jumamosi anachuchumaa, anapanga maharagwe kuwa vijiji na vijiti kuwa vijia, kisha vidole vyake vilivyopasuka vinagusa kijiti kimoja kimoja. "Hapa watu wakizunguka, watachelewa sana?" anajiuliza. Akiona watachelewa kidogo tu, anakiondoa, na kijia hicho kinaachiwa majani. Siku moja aliondoa kile cha kutoka kwetu hadi kaburi la kaka yangu Valentin. Mama alimfokea: "Papa, njia ya mutoto wangu ndio unapatia nyoka?"

Mzee hakupandisha sauti. "Mama, kwa Valentin utapitia kwa kapela, haiko mbali. Lakini nikiacha hii ya bonde, mwenye mimba atazunguka mulima muzima mbele ya kufika kwa maternite." Mama alipitia nami kwenye kapela, kikanisa chetu, akasali rozari kaburini, tukamwombea Valentin pumziko kwa Bwana. Jumamosi iliyofuata alishuka bondeni na panga la Valentin, akaanza kufyeka kutoka upande wa maternite, akimwelekea yule mzee aliyekuwa akifyeka kutoka upande wa pili.