Nililishwa Maneno Mukurweini

Mwenye bodaboda alinitazama kutoka juu hadi chini, kisha akawasha pikipiki yake.

"Madam, mimi sikubebi. Tafuta ng'ombe ikubebe."

Nikadhani ni utani. Nikacheka.

Wenzake pale steji hawakucheka.

Naitwa Tryphosa. Kwetu ni Kakamega, lakini nafundisha darasa la nne huku Mukurweini. Hao vijana wa steji tulikuwa tumezoeana kabisa. Watoto wao ni mimi nimewafundisha kusoma.

Basi nikaenda shule kwa miguu, kichwa kinazunguka. Ng'ombe gani tena?

Getini nikakuta wazazi wamejaa. Mathenge, mwenyekiti wao, akaninyooshea simu usoni.

"Hii ni wewe ama si wewe?"

Ilikuwa picha yangu, nimevaa sweta ya kijani. Chini yake, kwa maandishi makubwa: "Watu wa Mukurweini wanapenda ng'ombe kuliko watoto wao. Mwalimu Tryphosa."

Nikaisukuma simu kando.

"Sijasema hivyo!"

"Ati hujasema? Na hapa imeandikwa! Rudi kwenu!"

Mwalimu mkuu akaniingiza ofisini kwa mlango wa nyuma, akaniambia niende nyumbani mpaka watu wapoe.

Nyumbani nikafungua grupu la wazazi. Matusi juu ya matusi. Nikawa nasoma tu, mpaka nikafika kwa jina moja, nikaganda.

Nduta.

Nduta ni mwalimu mwenzangu, na ndiye rafiki yangu wa kwanza huku. Nilipofika sijui mtu, alinipa kitanda chake, yeye akalala kwa kochi. Binti yangu wa pili nilimpa jina lake.

Alikuwa ameandika: "Aibu sana. Na vile tulimpokea vizuri."

Jamani, nililia.

Kwenye mkutano wa wazazi nilipozungumza, Mathenge na wazazi wengi hawakuja, lakini Nduta alikuwa ameketi kando yangu. Alisikia kila neno.

Nikiwa bado nalia, simu ikaita. Warigia, mama anayeuza ndizi sokoni, mzazi wa darasa langu.

"Madam, kabla nikutukane nimeona nikuulize. Ulisema hayo maneno?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Sasa ulisema aje?"

Nikamweleza.

"Ngoja. Hiyo siku ya mkutano Ngatia wangu alikuwa anakariri shairi, na mimi nilikuwa narekodi, simu nimeisimamisha dirishani, kisha nikatoka kuangalia ndizi zangu. Wacha niangalie kama nilisahau kuzima."

Alikuwa amesahau.

Akanitumia video. Nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Nilipohamishwa kuja huku niliambiwa, watu wa Mukurweini wanapenda ng'ombe kuliko watoto wao. Nimeishi nanyi. Nimeona mama akiuza ng'ombe ndio mtoto aende sekondari. Aliyeniambia hivyo alinidanganya."

Makofi yakalipuka. Na wa kwanza kusimama kupiga makofi, anaonekana vizuri kabisa, ni Nduta.

Warigia akaiweka kwenye grupu. Halafu "pole Madam" zikaanza kuingia, moja moja. Mathenge alikuja kwangu na mke wake, akaomba msamaha akiangalia chini.

Lakini ile picha ilikuwa imeshafika Othaya, Karatina, mpaka Nanyuki. Video haikufika mbali hivyo. Hadi leo kuna watu hawajaiona, na wananijua kwa yale maneno tu.

Jioni Nduta akabisha hodi. Hakukaa.

"Tryphosa, ile kitu ilianza na mimi."

Sikuelewa.

"Nilitaka kukusifu. Nikaposti picha yako, nikaanza na yale maneno ya ng'ombe, nikaweka nukta tatu ndio watu wafungue wasome yote. Mtu akachukua hapo mwanzo tu, akatoa nukta, akasambaza. Nikaona watu wamewaka, nikafuta yangu."

"Si ungewaambia ukweli?"

"Niliogopa. Mimi ni wa hapa. Wangenigeukia."

"Na kuniita aibu?"

Machozi yakamtoka. "Walikuwa wananiuliza mbona nimenyamaza. 'Rafiki yake ni wewe, mbona umenyamaza?'"

Ile posti ningemsamehe siku hiyo hiyo. Kila mtu hukosea. Lakini huyu alijua ukweli wote, akanitazama nikichomwa, akaongeza kuni.

Nilimfungulia mlango akaenda. Siku hizi tukikutana chumba cha walimu tunasalimiana, basi.

Wewe unayesoma hii, maneno ya mtu yakikuchoma roho, usiyasambaze kwanza. Tafuta alisema wapi, na alimaliza aje. Kama unamjua, muulize mwenyewe.

Kila mzazi katika lile grupu alikuwa na namba yangu.

Aliyepiga ni mmoja.