Aliyefungua Shamba Langu

Mabinti waliojiunga na kikundi chetu baadaye walipenda kuniomba niwasimulie habari za Susu, na mimi nilikuwa nawasimulia kwa raha zangu zote, mnafiki mkubwa mimi. Nawaambia alivyokuwa anatunga nyimbo papo hapo jembe likiwa hewani. Nawaambia siku padri alipokuja kubariki mtaro wetu, naye Susu akamwekea jembe mkononi: "Fatha, kwanza baraka za mikono, halafu ndio zije za mdomo." Padri akachimba, jasho likamtoka mpaka kola ikalegea. Mabinti wanacheka, wanasema, "Katibu, wewe ulimjua vizuri huyu mama." Kumjua nilimjua. Lakini kulikuwa na asubuhi moja niliyoiruka kila nilipofika, na nilikuwa nimezoea kuiruka.

Kikundi chetu ni cha mwethya, huku kwenye milima ya Kola. Mwethya ni wanawake kushika majembe na kwenda kumlimia mwenzao, leo kwako, wiki ijayo kwangu, mpaka zamu izunguke. Kazi kubwa ni mitaro ya fanya juu: unachimba kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, ili mvua ikinyesha isiondoke na shamba lako. Ni kazi ngumu. Ukiona mteremko wa Kola umetulia na mahindi yamesimama, ujue kuna mama aliumwa mgongo pale.

Mimi niliolewa huku mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikaja na cheti cha kidato cha nne na tumbo la miezi mitano. Siku yangu ya kwanza kwenye mwethya, Susu alinishika viganja, akavigeuza mbele ya watu wote. "Woi! Hii mikono ni ya kushika biskuti," akasema. Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, anavaa gambuti za marehemu mume wake alizojaza matambara ndani zisimtoke. Susu kwa Kikamba ni nyanya. Wajukuu wake walimwita hivyo na sisi wote tukafuata, hata wale waliokaribia umri wake.

Yeye ndiye alishika fimbo ya kupimia. Kila mtu anapimiwa kipande chake cha mtaro, fimbo mbili, halafu wimbo unaanza. Susu akimaliza chake hakai chini. Anarudi nyuma kwa yule aliyebaki, anaanza kuchimba kutoka upande wa pili mpaka wakutane. Mwingine akimaliza anafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kwetu hapakuwa na mtu wa mwisho, tulimaliza wote pamoja. Siku ile ya kwanza mimi nilichimba robo ya kipande changu, hiyo nyingine yote alichimba Susu, huku ananiimbia kwamba mtoto wangu atazaliwa na jembe mkononi. Nilicheka mpaka nikasahau aibu ya biskuti.

Kulikuwa na desturi nyingine aliyoisimamia yeye. Kabla ya kikundi kufika kwako, mmoja anatangulia alfajiri kufungua shamba, yaani kuchimba kipande cha kwanza, ili wenzake wakija wakute ardhi imeshakubali. Aliyefungua ndiye hupakuliwa wa kwanza kwenye sufuria ya mwenye shamba. Hata kama mgeni wako ni chifu, atangoja. Karibu kila shamba la kikundi chetu lilifunguliwa na Susu, na sote tulijua bakuli la kwanza ni la nani.

Sasa nifike kwangu. Kwa vile nilikuwa na kisomo, nilifanywa katibu, na haki kile cheo kilinipanda kichwani. Nilikuwa na daftari kubwa la jalada gumu na biro mbili, moja nyekundu. Akatokea afisa mmoja kutoka ofisi fulani ya Machakos mjini, akasema wanaweza kutusaidia na wilbaro na saruji tujenge bwawa la mchanga mtoni, ukuta wa kuzuia mchanga ili ushike maji, ila wanataka kuona kwenye daftari kila mwanachama amefanya nini. Wenzangu waliitikia tu kwa kichwa. Mimi nikarudi nyumbani, nikalala nikiwaza, nikaamka na sheria. Mtu asipomaliza kipande chake mwenyewe, anaandikwa nusu. Akipata nusu tatu, anapumzishwa mpaka msimu ujao.

Nilikuwa nimemlenga mama mmoja aliyekuwa anakuja saa nne na mkoba kwapani, kama anakwenda arusi. Huyo wala hakunaswa. Siku ya kwanza ya sheria alifika na mapema, akamaliza kipande chake, akakaa kando akijipepea na leso. Na wengine wakakaa pia, maana daftari halikuwa na mahali pa kuandika kwamba umemsaidia mwenzako. Aliyebaki mtaroni alikuwa Susu. Goti lake lilikuwa limevimba, na bado alikuwa ameacha kipande chake katikati akaenda kumchimbia msichana mmoja mgeni.

"Susu, hapa nimekuandika nusu," nikamwambia.

"Andika tu, mwiitu," akasema, yaani binti. "Hata mimi mwenyewe nimebaki nusu."

Wanawake wakacheka. Nikaandika kwa biro nyekundu. Wiki iliyofuata nikaandika tena. Ya tatu tulikutana nyuma ya ukuta wa shule ya msingi, nikasimama kusoma ripoti. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mkubwa wa mwili na mpole wa macho, alinitazama akatikisa kichwa kidogo. Nilimwona. Nilielewa kabisa ananiambia niliruke hilo jina. Lakini afisa alikuwa anakuja mwezi huo, na mimi nilitaka daftari langu liwe safi. Nikalisoma, na nikasema kwa sauti kwamba sheria haina nyanya wala shangazi.

Susu akauliza, "Na huo msimu ujao ni lini, katibu?"

"Ni mvua za mwaka ujao, Susu."

"Basi nijitahidi nisife," akasema, akacheka mwenyewe. Akainuka kwa kushikilia ukuta, akampa mwenyekiti fimbo ya kupimia, akashika njia ya kwake. Gambuti zake tulizisikia mpaka kwenye kona. Hakuna aliyesema kitu, na mimi, wacha niseme ukweli, nilijiambia kwamba wamenyamaza kwa sababu wanajua niko sawa.

Baada ya wiki sita hivi, zamu ikafika kwangu. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kiwandani Athi River, anakuja mwisho wa mwezi. Kitinda mimba wangu alikuwa na surua, nimekesha naye siku tano. Alfajiri nilikuwa jikoni nikichochea isyo, mahindi na maharagwe ya kulisha watu ishirini, huku nikijiuliza nani atanifungulia shamba, maana hakuna aliyekuwa amejitolea. Ndipo nikasikia jembe.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Susu alikuwa kule juu kabisa, penye udongo mgumu wa changarawe, amejifunga leso kiunoni juu ya sweta, anachimba. Anapiga majembe matatu, anasimama, anashika goti, anapiga matatu mengine. Hakuwa mwanachama. Mimi ndiye niliyemtoa. Hakuwa na deni la zamu kwangu, wala mimi sikuwa na zamu ya kumrudishia.

Kitu cha kufanya kilikuwa wazi. Hata mtoto mdogo angejua. Unachota uji, unafungua mlango, unamwendea, unasema, Susu, nisamehe. Uji ulikuwa tayari, ulikuwa kwenye birika pale miguuni kwangu. Nikasimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi, nimeganda. Nilimwogopa yule mama kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu, na wala hakuwa ameniambia neno baya hata siku moja. Nikasema ngoja amalize hiki kipande. Akamaliza, akaingia cha pili. Nikasema ngoja mtoto alale. Mtoto alikuwa amelala zamani. Jua lilipoanza kugusa mkonge wa mpakani, akafuta jembe kwa majani, akatazama nyumba yangu kwa muda kidogo, akashuka kwa njia ya nyuma. Aliondoka na njaa, kutoka kwenye boma langu, sufuria likichemka.

Wenzangu hawakukawia. Mwenyekiti alikuwa mbele. Alipofika kwenye mtaro akasimama, akatazama vile vipande viwili, akanitazama mimi.

"Haiya! Katibu!" akaita. "Kwani umelala shambani? Umejifungulia mwenyewe?"

Wakapiga vigelegele. Nilikuwa na nafasi hapo ya kusema. Neno moja tu, jina la mtu. Nikatabasamu, nikasema, "Si mlisema tuwahi?"

Basi ikawa hivyo. Saa ya chakula mwenyekiti alichukua upawa mwenyewe, akapakua bakuli la kwanza, akaniletea mimi kwa mikono miwili. "Aliyefungua ale," akasema. Wote wakangoja, mabakuli yao matupu mapajani. Nikala. Nilikula mpaka chini, na jioni nikafungua daftari nikajiandikia vipande viwili, vimekamilika.

Nilipanga kwenda kwake Jumapili. Jumapili mtoto alikuwa bado mgonjwa. Iliyofuata tukawa na wageni. Ndivyo nilivyojidanganya, wiki baada ya wiki, na nyumba yake iko bondeni tu, ukiita anaitika. Halafu tukasikia binti yake amemchukua, amempeleka Matuu akatibiwe, si goti tena bali kifua. Alirudi kwenye sanduku, mvua za mwaka ujao zikiwa bado hazijakaribia.

Siku ya mazishi niliombwa mimi kusoma historia ya marehemu, kwa vile nilikuwa katibu na ninasoma vizuri. Nilikuwa na kurasa tatu. Nikasoma juu ya nyimbo, juu ya padri na jembe, juu ya mashamba yote aliyoyafungua, nikayataja moja moja, la fulani, la fulani. La kwangu sikulitaja. Sikutaja pia kwamba amekufa akiwa amefutwa kwenye kikundi alichokianzisha, na kwa mkono wa nani. Watu walilia. Nikakunja karatasi, nikaketi, na wanawake wa kikundi waliokuwa benchi la mbele wakanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani wamefurahia nilivyosoma.

Ile sheria ya nusu niliiondoa mwenyewe msimu uliofuata. Nilisema inachelewesha kazi. Bwawa tulijenga, maji yapo hadi leo, na afisa hata hakulifungua lile daftari. Alilipima uzito mkononi tu, akanirudishia.

Miaka kumi hivi ikapita. Siku moja tumemaliza kulima kwa binti mmoja aliyeolewa juzi, tumekaa tunapumzika, yule binti akasema, "Katibu, tuambie ya Susu." Nikaanza na padri, kama kawaida. Sijui kilitokea nini. Labda ni kwa sababu msichana mwenyewe alikuwa na tumbo na malengelenge viganjani. Nikanyamaza katikati, nikasema, "Hapana. Leo nawaambia nyingine." Nikaisema yote, ufa wa mlango, birika la uji, bakuli. Nilisema nikitazama chini, nikingoja kuzomewa.

Hakuna aliyezomea. Mabinti walikuwa wametoa macho. Wale wakubwa, wale tuliokuwa pamoja siku ile, walikuwa wanatazama majembe yao. Mwenyekiti, ambaye sasa naye amezeeka, akakohoa.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Tulikutana naye njiani asubuhi hiyo, anarudi kwake. Ako na udongo mpaka magotini. Tukamwuliza, katibu amekupa uji? Akasema, 'Yule msichana ako na mtoto mgonjwa, msimsumbue. Mkifika mwambieni amejifungulia shamba vizuri.'"

"Na bakuli?" nikauliza.

"Ni yeye alisema upewe wewe kwanza. Alisema usipopewa, utajua tunajua, na utashindwa kutuangalia."

Mama aliyekuwa na mkoba, yule niliyemtungia sheria, akanisogelea akaniwekea mkono begani. Akasema kwa upole, wala hakuwa ananisuta, "Sisi tulidhani utasema siku ya mazishi. Tulikaa pale mbele tukikungoja. Ulipokunja ile karatasi, ndio tukajua hautasema."

Nilijifunika uso kwa leso, nikalia mbele ya wale mabinti bila kujizuia, mtu mzima na watoto wangu wakubwa. Wakaniachia nilie. Miaka kumi walikuwa wamenisikiliza nikimsifu Susu na kuiruka ile asubuhi, wananipikia, wananilimia, wananiita katibu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kunikatiza.