Barabara Kati Yangu na Baba Mkwe

Kwenye dirisha la kibanda changu cha kutuma na kutoa pesa, pale Kyimo kando ya lami, nilibandika kipande cha boksi nilichokiandika mwenyewe kwa kalamu nene: "Ukiambiwa usikate simu, kata. Ukiambiwa usimwambie mtu, mwambie mtu. Mpigie kwanza ndugu yako." Nilijivunia sana boksi lile. Nilikuwa nimeshaona wengi wakiingizwa mjini: mama aliyeambiwa ameshinda zawadi ila atangulize ada, mwalimu aliyepata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" akatuma kweli, kwa sababu kulikuwa na hela aliyotakiwa kutuma siku hiyohiyo. Nikimwona mteja ana haraka na simu imeganda sikioni, nilikuwa namnyang'anya. Wengine walinitukana, kesho yake wakaniletea ndizi.

Mtu mmoja tu hapo Kyimo hakuweza kulisoma boksi langu, naye ni baba mkwe wangu. Si kwamba hajui kusoma. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hasemi na baba mkwe wala hamtazami usoni. Nikikutana naye njiani naingia migombani, nampa mgongo mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, na kuna wakwe wa Tukuyu mjini wanaokula meza moja na baba wakwe zao. Kwetu hatukuacha. Kwa miaka kumi na miwili kila neno letu lilipitia kwa mama mkwe, na sikuona shida. Nilimheshimu yule mzee, na nadhani alinipenda kwa namna yake, maana parachichi za kwanza kuiva aliagiza niletewe mimi.

Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alinitambua kwa hatua zangu. Mzee akauza parachichi za msimu mzima na ng'ombe mmoja ili ampeleke Mbeya akafanyiwe upasuaji. Hela akaifungia sandukuni, siku ya safari ikapangwa. Mama akawa anasema akipona ataanza na kuniangalia mimi, aone kama ni kweli nimenenepa.

Zilibaki siku nne. Asubuhi nilimwona mzee ng'ambo ya barabara, kwenye duka la pembejeo ambako pia wanatuma pesa. Kofia iko mkononi, simu sikioni, anaitikia kwa kichwa ingawa anayeongea naye hamwoni. Nilijua palepale. Nikamwomba mama mmoja aliyekuja kwangu kununua umeme aende akamuulize kuna nini. Akarudi mbio.

"Mwanawe kagongwa na gari huko Chunya," akasema. "Daktari ndiye yuko kwenye simu. Kasema damu isipolipiwa sasa hivi atakufa. Tena kasema asimkatie."

Mwana huyo ni mume wangu, anachimba dhahabu. Nikampigia, hapatikani. Machimboni huwa hapatikani hata wiki nzima, lakini siku hiyo, kwa dakika moja, hata mimi, mjuaji mwenye boksi, niliamini. Kisha nikajiuliza ni daktari gani huyo anayeogopa simu ikatwe. Nikatoka mpaka ukingo wa lami, mdomo nimeshaufungua nimwite.

Akainua macho, akaniona. Akafanya alichofanya miaka yote, akageuza uso. Na mimi nikageuka. Naapa sikuamua, mwili ulikuwa umezoea. Lori la chai likapita kati yetu, na nilipotazama tena, mwenye duka alikuwa ameshapokea noti na kubonyeza.

Mume wangu alipiga jioni, mzima kabisa, anaomba nimtumie vocha. Tulitoa taarifa kwa kampuni ya simu, tukaenda polisi, wakaandika. Hela ilikuwa imetolewa ndani ya nusu saa, na ile namba haikupatikana tena. Mama mkwe hakulalamika. Alinishukuru tu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu. Giza hili nimeshalizoea."

Nikaishi na hasira. Sikumkasirikia mzee, nilijikasirikia mwenyewe na adabu yangu. Kila siku nilijiambia: ungepiga kelele moja tu, angekusikia. Sikujua kwamba wazo hilo ndilo lililokuwa faraja yangu pekee.

Miezi miwili baadaye mzee aliuza ndama aliyebaki, ili aanze upya. Siku ya tatu yake, mtu akaziba mwanga dirishani kwangu. Alikuwa yeye, anatazama pembeni, simu mkononi.

"Mwanangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kunielekea mimi. "Mkubwa wa polisi kanipigia kutoka Dar. Wamemkamata yule mwizi. Hela yetu yote inarudi, ila nitangulize ya kufungulia jalada. Nimekuja kwako, wewe ni wa nyumbani."

Nikavunja mwiko. Nilimtazama usoni, na niliona amezeeka kuliko nilivyodhani.

"Baba, ni walewale. Wakishamliza mtu wanamrudia. Polisi hawaombi hela kwa simu. Hiyo ni hela ya macho ya mama."

Nilisema polepole, kisha kwa ukali, kisha nikilia. Nikamwonyesha boksi. Akalisoma lote, midomo ikichezacheza.

"Unataka nikubali kwamba ile ya kwanza imepotea," akasema.

"Imepotea, baba."

Akavaa kofia. Akavuka barabara, lakini mwenye duka alikataa kumtumia, maana nilikuwa nimesimama katikati ya lami napiga kelele asithubutu. Basi mzee akapanda bodaboda kwenda Tukuyu, ambako hakuna anayemjua. Nikamwita "Baba! Baba!" mpaka watu wakatoka madukani kuangalia ni mkwe gani huyo aliyekosa adabu. Alinisikia vizuri sana, kama barabara nzima ilivyonisikia. Hakugeuka.

Jioni nilimkuta mama mkwe jikoni anamenya ndizi kwa kupapasa. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za Tukuyu.

"Nasikia leo mmeongea, wewe na mzee," akasema, uso umechangamka. "Mungu mkubwa. Amekwambia tunakwenda Mbeya lini?"

Nikachukua kisu kingine, nikakaa karibu yake, nikamwambia mzee hakutaja siku.