Kabati Mbele ya Dirisha

Mke wangu alipofariki nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya serikali huko Mwingi, na nikaendelea kuwa karani wa stoo kwa miaka miwili zaidi. Kisha wakanistaafisha. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya serikali, kwa hivyo nilipewa hadi mwisho wa mwezi niwe nimehama. Hatukujaliwa watoto. Palibaki mahali pamoja tu pa kwenda, nyumbani Kilungu, kwenye nyumba ya mawe niliyojenga katika shamba la marehemu baba. Nilikuwa nimelala humo labda siku ishirini kwa jumla.

Ilikuwa miaka ya themanini, muda si mrefu baada ya ile njaa ambayo watu walikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna unga.

Lori lingefika njiapanda tu. Kutoka hapo hadi kwangu ni kijia kinachopanda kati ya michungwa na miparachichi ya watu, na kila kitu hupanda mgongoni au kichwani mwa mtu. Kwetu mtu akiwa na kazi ya namna hiyo huita mwethya. Majirani huja na nguvu zao, yeye hupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa kuwatosha wote, na siku yao ikifika naye huenda kwao. Hakuna malipo. Ningetuma neno kanisani, likatangazwa Jumapili, basi.

Sikutuma. Niliogopa kwamba nitapika muthokoi wa watu thelathini na asije mtu. Miaka yote niliyokuwa kazini sikuwahi kubeba hata jiwe moja la jirani. Palipokuwa na mazishi nilituma bahasha. Palipokuwa na harusi, bahasha. Nilikuwa hodari sana wa bahasha. Nikajiambia heri kulipa kuliko kujua.

Wiki mbili kabla ya kuhama nilikwenda Kilungu kukadiria gharama. Wabebaji wa njiapanda hutoza kwa mzigo, lakini hilo sikulitaka, kwa sababu mtu anayelipwa kwa mzigo hukimbia, na mimi nilikuwa na kabati la vioo. Lilikuwa la mke wangu. Alilinunua kwa pesa ya cherehani yake, akapanga ndani vikombe sita vyenye maua ambavyo hatukuwahi kunywea. Vilikuwa vya wageni. Nikaamua nitalipa kwa saa, ili wabebe polepole.

Basi nilijaza debe mchanga, nikaliweka begani, nikaangalia saa yangu ya mkononi na kuanza kupanda. Dakika ishirini na tano, pamoja na kupumzika mara mbili. Kushuka, kumi na tano. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni na vyondo vyao walimwona mzee mzima akipanda na kushuka na debe la mchanga, akitazama saa. Walinisalimu kwa heshima, wakafika kwenye kona, halafu nikasikia kicheko.

Jioni niliorodhesha vitu vyote katika kijitabu: kitanda, magodoro mawili, meza, viti sita, masanduku mawili ya bati, cherehani, stovu ya mafuta, vyombo, kabati. Watu wanne, safari nne kila mtu, na saa nzima nikaongeza kwa ajili ya kabati peke yake. Jumla ilikaribia masaa manne. Niliipigia mstari mara mbili, kama nilivyozoea kazini.

Mkubwa wa wale wabebaji alikuwa mtu wa rika langu, mwenye kofia ya sufu iliyotoboka juu. Nilipomweleza mpango wangu aliitazama saa yangu ya mkononi.

"Kwa masaa?" akauliza. "Na nani atasema saa imeisha?"

"Mimi. Niko na saa."

"Na hiyo saa yako ikilala?"

"Haijawahi kulala," nikasema. Lilikuwa jibu la kijinga, na wenzake walilicheka kama lilivyostahili.

Siku yenyewe nilifika na lori lililokuwa limepeleka mbuzi sokoni asubuhi. Godoro langu lilinuka beberu mwezi mzima. Walianza saa tatu kamili, nami nikaandika. Mzee wa kofia aling'oa kwanza milango ya kabati, akapanda nayo mwenyewe ameikumbatia kifuani, huku wawili wakifuata na kabati lililofungwa blanketi na kamba. Hawakupita njia yangu. Walikata katikati ya shamba la mtu kwa njia ya mkato ambayo kila mtu kule aliijua. Hakuna aliyenionyesha, na mimi sikuwa nimeuliza. Masanduku ya bati niliyoyaandikia watu wawili wawili, mtu mmoja alibeba moja kwa mkono mmoja. Hayakuwa na mengi ndani.

Saa tano na dakika kumi kazi ilikuwa imekwisha, na milango ya kabati imerudishwa. Maisha ya watu wawili, miaka ishirini na sita ya ndoa, yalikuwa yamepanda kilima kwa masaa mawili na dakika kumi, kabati pamoja. Karani yeyote angefurahi, maana nilikuwa nimeokoa karibu nusu ya pesa. Wale watu walisimama mlangoni wakijifuta jasho, wakingoja niangalie saa na kuwaambia waende.

Nikatazama ndani ya ile nyumba, nikasema, "Hilo kabati, hebu tulihamishe upande ule."

Wakalihamisha. Nikarudi nyuma nikalitazama, nikainamisha kichwa. Nikasema mwanga wa pale utaharibu mbao. Wakalihamishia ukuta wa tatu. Nikasema hapo litazuia mlango wa chumba. Wakalipeleka mbele ya dirisha, mahali ambapo hata mtoto angejua si pa kabati, na nyumba ikawa giza. Nilikuwa mpweke. Leo nalisema wazi, lakini siku ile ungeniuliza ningekuambia kabati halijakaa sawa.

Mzee wa kofia akaliegemea. "Mzee, hili kabati limechoka," akasema. "Wacha likae, na sisi tukae."

Akavuta kiti cha kwanza. Wengine wakavuta vyao. Mmoja akaifungua stovu bila kuombwa, na mimi nikatoa vile vikombe vya maua, nikavipangusa kwa shati langu kwa kuwa sikujua kitambaa kiko wapi. Tukanywa chai ya rangi. Walizungumza juu ya parachichi na bei za madalali, na mimi nikasikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Kisha yule mzee akanielekeza kwa kidole matuta yaliyo juu ya nyumba yangu.

"Hayo tulichimba sisi, baba yako akiwa mgonjwa. Tulikuwa mwethya ya watu kama arobaini. Wewe ulituma pesa ya sukari."

Nilikumbuka ile bahasha.

"Hii kazi ya leo ungesema tu kanisani," akaendelea. "Tungekuja."

"Mngekuja?"

Akanywa kwanza. Akatazama maua ya kikombe. "Wachache," akasema.

Sikukasirika. Lilikuwa neno la kwanza la ukweli ambalo mtu alikuwa ameniambia tangu mazishi ya mke wangu, na nililishika. Tulikaa hadi saa saba. Nilitazama saa, nikawalipa masaa manne kamili kama nilivyokadiria, wakashuka wakicheka jambo lao. Nilisikiliza hadi sauti zikaisha, kisha nikaosha vikombe vyote sita ingawa tulitumia vitano.

Siku ya tatu mzee wa kofia alirudi peke yake. Aliweka pesa juu ya meza.

"Hii ni ya ule wakati wa chai. Tumeongea na wenzangu. Kukaa na mtu si kazi."

Hapo ndipo nilipokasirika. Nilimwambia nilipatana nao kwa saa na saa zilikuwa zangu, kwa hivyo achukue. Hakubishana nami. Alisema Jumatano wanachimba matuta kwa mjane mmoja pale chini, akaenda zake. Nilizitazama zile pesa kutwa nzima. Nilikuwa nimenunua kitu na muuzaji amekataa kuuza.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nilikuwa mgeni kwetu. Jumatano nilikwenda. Nilishika jembe kama kalamu, malengelenge yakaota kabla ya saa nne, na hakuna aliyenisemesha sana. Wakati wa kula, mtu alisogea kidogo kwenye gogo nikapata pa kukaa. Nikaenda na juma lililofuata, na la baadaye.

Lakini jioni nilirudi kwenye nyumba yenye giza, kwa sababu kabati lilikuwa bado mbele ya dirisha. Mtu mmoja hawezi kulisukuma bila kuvunja vioo, na nilikuwa nimejaribu. Kulisogeza kunataka watu watatu na dakika mbili. Nililikadiria vizuri, na kijitabu kipo hadi leo. Nilikaa nalo pale miezi mitano, nikiwasha taa ya mafuta mchana ili kusoma Biblia, kabla sijaweza kumwambia mtu njoo unisaidie bila kutia mkono mfukoni.

Siku niliyosema, walikuja wawili. Wa tatu nilikuwa mimi.