Kipanga wa Gulizar

Jirani yangu Yakup aliteleza na gunia la majani ya chai mgongoni akavunjika nyonga, wiki ileile aliyomnasa kipanga jike mzuri kuliko wote aliowahi kuwa nao. Hapa kwetu, vuli ikifika, tomboo, ndege wadogo tunaowawinda kwa vipanga, huvuka bahari wakatua hoi katika mashamba ya mahindi, na mwanamume asiye na kipanga hajui mikono yake aiweke wapi. Yakup aligeukia ukuta, akamwambia mkewe, Gulizar, amwachilie ndege aende zake.

Gulizar hakuwahi kuwapenda ndege wale. Walimchafulia sakafu, na nyama laini ilikuwa yao kabla ya watoto. Lakini alipoona sahani ya mumewe inarudi jikoni kama ilivyokwenda, alimshika ndege kwa kamba zake za ngozi, akamkalisha mkononi, akatoka naye.

Kipanga wa porini hufugwa kwa kubebwa. Lazima azoee sauti, moshi na watu, mpaka aache kujirusha kwa woga. Pa kuyapata yote hayo ni mkahawani, na mkahawani kwetu wanawake hawakai. Gulizar aliingia. Karata zikasimama. Rasim, ambaye ulimi wake hauna breki, akauliza:

"Shemeji, mume umemwacha nyumbani, sisi umetuletea nani?"

"Mke mwenza wangu," akasema Gulizar, akivuta kiti. "Miaka yote mnamsifu ninyi, anayefagia uchafu wake ni mimi. Nipe chai."

Walicheka, chai ikaja. Kesho yake hakuna aliyegeuza shingo.

Kila jioni Yakup alipapasa kidari cha ndege kwa vidole. Mfupa ukizama kwenye nyama, kipanga amenenepa na hatarudi akiitwa, ukichongoka, amedhoofu. Alimwagiza mkewe aloweke nyama majini mpaka itoke damu, ampe kidogo. Gulizar alimhurumia ndege. Akawa anampa na maini ya kuku kwa siri.

Siku ya kumwita bila kamba, kipanga aliruka moja kwa moja juu ya mti ng'ambo ya kijito, akatulia huko. Gulizar alishinda chini ya mti, mvua ikimnyea, nyama mkononi, akiita hadi sauti ikamkauka. Alasiri njaa ilimshinda ndege, akashuka. Gulizar alirudi ametota, akakiri habari ya maini.

"Ukimshibisha hana haja nawe," Yakup akasema kwa hasira.

"Mbona wewe nimekushibisha tangu harusi, na huondoki?"

Yakup alijizuia, akashindwa. Alicheka huku ameshika nyonga, akilia kwa maumivu. Usiku ule alimaliza sahani yake.

Baada ya hapo Gulizar alifuata vidole vya mumewe, kisha vyake mwenyewe. Asubuhi moja tulimbeba Yakup na kiti chake hadi barazani. Mbwa wao akamkurupusha tomboo kwenye mabua, Gulizar akamtupa kipanga kama mtu arushaye jiwe, njuga za miguuni mwake zikalia, na ndege wote wawili wakaanguka pamoja karibu na ua.  Yakup alifuta uso kwa kofia.

Baridi ilipoanza, Gulizar alimkata kamba ndege akamwacha aende, kama desturi yetu ilivyo. Vuli iliyofuata Yakup alikuwa anatembea kwa mkongojo, nao walipanda mlimani pamoja kutega kipanga mwingine. Nilisikia wakibishana njia nzima nani atakayembeba.