Vumbi la Saa Nne

Kama kuna kitu Mama Kamba hakujaliwa, ni subira. Alipewa mikono, akapewa mdomo, akapewa na mgongo wa kuinamia beseni tangu alfajiri, lakini zamu ya subira ilipofika naona mfuko ulikuwa umeshaisha. Jina lenyewe alipewa na majirani kwa sababu ya kamba zake za kuanikia, zilizokatiza ua mzima kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka mgeni akiingia kwake ilibidi ainame kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Alikuwa dobi. Si dobi wa kubahatisha, hapana. Alifua shuka za nyumba ya wageni, sare za wauguzi wa zahanati, na mashati ya watu wasiotaka kuona hata kivuli cha doa.

Nyuma ya ukuta wake palikuwa na kiwanda cha vigae. Kiwanda ndicho kilichomkuta yeye pale, tusipotoshane. Tanuri lake lilikuwa na bomba refu, na ndani ya bomba kulikuwa na vichujio vya kuzuia vumbi, na vichujio vikijaa sharti vikung'utwe. Vilikung'utwa kila siku saa nne asubuhi. Sasa hebu fikiria mwenyewe. Nguo zimelowekwa jana, zimefuliwa alfajiri, zimesuuzwa, zimetiwa buluu na wanga, na saa nne ndio kwanza ziko kambani, mbichi, zinanata. Hapo ndipo vumbi jekundu liliposhuka, laini kama unga, taratibu, bila kelele, likajilaza juu ya shuka kama lililoalikwa. Na vumbi la udongo uliochomwa likishanasa kwenye nguo yenye wanga halikung'utiki. Ni kurudi kwenye beseni kuanza upya, na maji, na sabuni, na kiuno kile kile.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu. Hakutaka kiwanda kifungwe. Nusu ya mtaa ilikula kwa kiwanda kile, na mdogo wake mwenyewe alikuwa mpakiaji wa vigae pale. Hakutaka fidia. Alitaka wakung'ute vichujio vyao jioni, nguo zikishaanuliwa. Basi. Na haraka yake ilikuwa na sababu, kwa maana mwenye nyumba ya wageni alishamwita pembeni, akamwambia kwa heshima zote kwamba mgeni mmoja amelalamikia shuka zenye wekundu, na kwamba ikitokea tena atalazimika kutafuta dobi mwingine. Kazi ya nyumba ya wageni ndiyo iliyoshikilia nyumba ya Mama Kamba. Ikiondoka hiyo, zilizobaki ni za kununulia sabuni tu.

Kampuni ilipounda kamati ya wadau, majirani walimchagua bila kupiga kura. Walimtazama tu, wakacheka, wakasema mdomo wa kwenda huko wanao tayari. Vikao vilifanyika katika ukumbi wa kiwanda, wenye zulia na feni. Kiti cha majirani kilikuwa kimoja tu, upande wa dirishani, viti vya wazabuni, yaani wale wanaoiuzia kampuni vitu na huduma, upande wa ukutani, na vya wafanyakazi nyuma. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya kubembelezea watoto. Na upande wa kampuni alikaa afisa wa wadau, kijana nadhifu, mpole, aliyekuwa na jibu moja kwa kila alichoambiwa: "Tumelipokea, mama." Mtaani wakamwita hivyo hivyo, Tumelipokea, na nadhani alijua, kwa sababu alikuwa akitabasamu wakimwita.

Mama Kamba alisema habari ya vumbi kikao cha kwanza. Likapokelewa. Akasema cha pili. Likapokelewa tena, kama vile lile la kwanza lilipotelea njiani. Kikao cha tatu akaja na shuka yenyewe ndani ya mfuko, akaitandika juu ya meza mbele ya chupa zao za maji, watu wakaitazama, wakatikisa vichwa kwa huzuni, na likapokelewa. Wallahi, angalau mtu angemkatalia! Mtu akikukatalia una pa kumkamatia. Lakini hawa hawakumkatalia hata siku moja; kubishana nao kulikuwa kama kupiga godoro ngumi. Wakati huo huo kampuni ilipanda miti barabarani, ikapaka rangi shule, ikagawa fulana. Kwenye ripoti yao ya uendelevu picha ya Mama Kamba ilichukua ukurasa mzima, anacheka, na chini imeandikwa kwamba kampuni inawasikiliza majirani zake. Na kusikiliza walisikiliza, tuseme kweli. Mtaa mzima hakuna aliyewahi kusikilizwa kama yeye.

"Akufukuzaye hakwambii toka," wifi yake alimwambia. Huyu wifi, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia kwenye pasi. Mume alikuwa dereva wa masafa marefu, leo yuko hapa kesho mpakani, kwa hiyo mambo ya nyumbani waliyamaliza wao wawili.

Halafu mlango ukafunguka kidogo. Katika kikao kimoja fundi mkuu wa tanuri, mtu asiyependa maneno, aliulizwa na mwenyekiti, akajibu kwamba jambo hilo linawezekana. Ni kupanga upya zamu tu, lakini zamu hapangi yeye, anapanga mkurugenzi. Ikakubaliwa kwamba mkurugenzi mwenyewe aje kikao kinachofuata, alisikie, aamue. Mama Kamba alirudi nyumbani akiimba. Siku hiyo hata chumvi aliisahau kwenye chakula, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kabla kikao hicho hakijafika, Tumelipokea akaja nyumbani. Aliinama chini ya kamba, akasalimia shikamoo vizuri, akakalishwa kwenye kigoda. Alikuwa na furaha ya kweli usoni. Alieleza kwamba kampuni imepitisha sera mpya ya kununua kwa majirani kwanza, na yeye mwenyewe amependekeza jina la Mama Kamba afue makoti meupe ya maabara na ya wageni wanaotembelea kiwanda. Kijana yule hakuwa na hila. Ningefurahi kukwambia alikuwa nayo, hadithi ingekuwa nyepesi. Alitaka kumsaidia, basi.

Mama Kamba alikubali hapo hapo, na akili yake ikafanya hesabu nyingine. Usiku, wakati wanakunja mashati, akamweleza wifi yake mpango. Makoti hayo atayaanika pale pale uani, saa nne vumbi liyapige, na atawarudishia mekundu hivyo hivyo. Watakapoyavaa watalijua vumbi lao bila kuambiwa na mtu. Wifi akaweka pasi chini.

"Wifi, wewe huwezi kutoa nguo chafu mlangoni kwako," alisema. "Nakujua."

"Utaona."

Na wifi akaona, kweli. Makoti ya kwanza yalikaa kambani yakipepea, meupe mpaka macho yanauma, na saa nne ilivyokaribia Mama Kamba akaanza kuzunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akajiambia labda awamu hii ya kwanza tu, ili wamwamini, wasije wakadhani ndivyo anavyofua. Lisije likaharibika jina. Akayaanua mabichi, akayajaza kwenye mabeseni, wakabeba yeye na wifi yake, mbio mbio, wakapandisha kilima nyuma ya shule hadi nyumbani kwa wifi, ambako vumbi halikufika. Yakakauka yakiwa safi, yakapigwa pasi, yakakunjwa kama barua. Awamu ya pili akasema sasa ndiyo hii. Saa nne ikakaribia, akabeba mabeseni. Dobi amefua nguo maisha yake yote. Mkono hauwezi kuambiwa leo acha. Na kwa kuwa ua wa wifi ulikuwa mdogo, makoti yakiwa kule, shuka za nyumba ya wageni zilibaki nyumbani kungoja vumbi.

Baada ya hapo Tumelipokea akapiga simu. Kwa sauti ya kuomba radhi alimweleza kwamba kwa kanuni za utawala bora, anayeiuzia kampuni huduma hawezi kuketi kiti cha majirani, maana hapo pana mgongano wa maslahi. Atahamia upande wa wazabuni, na wazabuni huzungumzia mambo ya uzabuni. Majirani watachagua mtu mwingine. Mama Kamba alikata simu, akarudi kwenye beseni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kanuni yenyewe haikuwa mbaya. Angekuwa muuza mchanga ndiye amekalia kiti cha majirani huku anakula na kampuni, yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kupiga kelele.

Siku ya kikao, kiti cha majirani dirishani kilikuwa kitupu, kwa sababu uchaguzi ulikuwa haujaitishwa. Mama Kamba alikaa ukutani, kati ya muuza makatoni na mwenye magari ya maji taka. Mkurugenzi alikuja kutoka kukagua tanuri, bado amevaa koti jeupe. Mwenyekiti akasoma ajenda ya vumbi, akauliza nani ataiwasilisha. Mama Kamba alinyoosha mkono, na mwenyekiti akamkumbusha kwa ile sauti yake ya kubembeleza kwamba sasa hivi yeye ni mzabuni, avute subira. Subira!

Ndipo Tumelipokea, kwa nia yake njema ile ile, akaona amsifie. Alimwambia mkurugenzi kwamba kampuni imeanza kununua kwa majirani, na hilo koti alilolivaa limefuliwa na mama aliyeketi pale ukutani, nyumba yake inapakana na kiwanda kabisa. Mkurugenzi akautazama mkono wa koti, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa safi kama siku ulipotoka dukani. Akasema kwamba kwa uaminifu kabisa haoni hilo vumbi linalozungumzwa.

Mama Kamba alisimama bila kuruhusiwa.

"Hayo makoti siyaaniki kwangu," alisema. "Nayabeba mabichi mpaka kwa wifi yangu, juu kule nyuma ya shule. Nayakimbiza yasipatwe na vumbi lenu."

Mkurugenzi hakukasirika, alifikiri kidogo, kama mtu anayejali.

"Na ukiyaanika kule yanatoka hivi?"

Angesema nini? Uongo? "Yanatoka hivyo," alijibu.

"Basi mama ametuonyesha njia," mkurugenzi akasema, akiwageukia wengine. Aliendelea kueleza kwamba ufumbuzi unaotoka kwa jamii yenyewe ndio unaodumu, na kwamba kupanga upya zamu za tanuri kungegharimu usumbufu mkubwa kwa wafanyakazi, ambao nao ni wadau. Akaagiza kampuni imnunulie Mama Kamba toroli la kubebea nguo. Watu wakapiga makofi. Mama Kamba alijaribu kusema kwamba ua wa wifi ni mdogo, kwamba kilima kina mawe, kwamba hizo ni nguo za wateja wote na si makoti tu, lakini mwenyekiti alikuwa ameshaifunga ajenda na soda zilikuwa zinafunguliwa nje. Alitoka mle akiwa amepigiwa makofi na ameshindwa, na hakujua amtukane nani.

Toroli likaletwa, jipya, limepakwa rangi za kampuni. Wakampiga nalo picha. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba ya wageni alimtuma mtu kuja kuchukua shuka zake zote, zilizofuliwa na zisizofuliwa, pamoja na salamu nyingi.

Mama Kamba alilia siku moja. Kesho yake yakaja makoti mengine. Akayaloweka, akayafua, akayasuuza mara tatu kama kawaida, akatia buluu, akatia wanga, akayaanika uani kwake, moja moja, akiyanyoosha kola. Wifi alipofika na toroli tayari kwa safari ya kilimani, alimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango.

"Tuanue, wifi. Saa inakwenda."

"Yaache."

"Watasema hujui kufua."

"Waseme."

Wifi akataka kubisha, akamtazama, akakaa pembeni yake. Vumbi likaja. Lilishuka kwenye mabega ya makoti kwanza, kisha mifukoni, kisha likaingia kwenye mikunjo ya kola ambayo Mama Kamba ndiye huinyoosha kwa kucha zake. Mikono ilimwasha vibaya sana. Mara mbili aliinuka na mara mbili akarudi kuketi, mwishowe akaikalia mikono yenyewe, machozi yanamtoka, anasonya, analitukana bomba, anamtukana mkurugenzi na yule mwalimu na soda zao. Aibu aliyoisikia haikuwa ya kiwanda. Ilikuwa yake yeye, dobi, anayeangalia nguo inaharibika na yeye hainuki.

Mchana aliyaanua, akayapiga pasi na vumbi lake humo humo, akayakunja vizuri, akayabeba kichwani mpaka getini. Mlinzi alifunua kitambaa, akatazama, akatazama tena, kisha akamwuliza kwa huruma kama siku hizi anaumwa. Mama Kamba akamjibu kwamba haumwi, ni mzima kabisa, na kwamba hizo ndizo nguo zilizoanikwa nyumbani kwake.