Rafu ya Albamu za Kwanza

Duka la mjomba wangu lilikuwa katika mtaa wa nyuma mjini Thika, katikati ya fundi wa saa na mama mmoja aliyeuza sare za shule. Katika miaka ile ya tisini, duka hilo ndilo lililoamua mtaa usikie muziki gani. Spika kubwa ilikaa nje juu ya mlango, na chochote kilichopigwa ndani mtaa mzima ulikisikia, upende usipende.

Kazi yetu ilikuwa kurekodi kanda. Mteja alichagua albamu, nasi tukaiweka katika mashine yenye midomo miwili, huku kanda mama, huku kanda tupu, tukabonyeza na kusubiri. Mjomba alishughulika na nyimbo za injili na za gita za Kikikuyu, ambazo kwa kweli ndizo zilizoliendesha duka. Mimi, nilipomaliza shule na kuanza kumsaidia, nilimwomba rafu moja tu. Akanipa ile ya juu kabisa, iliyokuwa karibu na dari, ambayo usingeifikia bila kupanda stuli. Nikaijaza muziki wa roki.

Kwa kuwa rafu ilikuwa fupi, nilijiwekea sheria: pale juu patakaa albamu za kwanza tu. Ukitaka albamu ya pili ya bendi yoyote, nenda Nairobi. Watu waliona ni wazimu, na wengine waliniambia hivyo usoni, lakini nilikuwa na sababu zangu, na bado ninazo. Albamu ya kwanza hutengenezwa na watu wasiojulikana na yeyote, ambao wamekuwa wakipiga nyimbo zilezile katika gereji ya mtu mpaka majirani wakachoka. Hawajui kama watapata nafasi nyingine, kwa hiyo hawaweki akiba. Wimbo mzuri wanauweka, na mzuri zaidi wanauweka, na ule wa kijinga ambao mtu mzima angewakataza wanauweka pia. Kufikia albamu ya pili wameshapata meneja na viatu vipya, na wameanza kujisikiliza. Nilikuwa tayari kugombana na mtu yeyote juu ya jambo hilo, na niligombana na wengi.

Juu ya zote niliiweka ile tuliyoiita ya Daraja. Iliimbwa na vijana wanne kutoka mji fulani wa mvua huko Ulaya. Kanda mama yangu yenyewe ilikuwa nakala iliyotoka Nairobi, na picha ya daraja kwenye jaketi, ile karatasi ya kasha lake, ilikuwa imefotokopiwa mara nyingi mpaka daraja likabaki doa jeusi. Ukiniuliza albamu ya kwanza iliyo bora kuliko zote duniani ni ipi, nilikuwa nikipanda stuli kabla hujamaliza swali.

Na jambo lililonifanya niwe na uhakika huo lilikuwa wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza. Gita ilipanda, mwimbaji akapiga mayowe, drams zikakimbia, halafu, ta! Kimya. Hapakuwa na kushuka polepole wala kuaga. Niliwaeleza wateja kwamba ujasiri wa namna hiyo unapatikana katika albamu ya kwanza peke yake, kwamba hao vijana walikuwa na hasira kiasi kwamba hata kumaliza wimbo hawakuona haja. Wateja waliniamini. Vijana wa mtaa wa Landless, ambao ndio walionunua roki kuliko wengine, walizoea kupiga kofi moja kubwa pale pale wimbo unapokatika, wote pamoja, na ole wako ukichelewa. Kulikuwa na bendi ya vijana Ruiru iliyokuwa ikipiga Jumapili mchana katika ukumbi wa kanisa. Nao walijifunza wimbo kutoka kwenye kanda yetu, wakaukata vilevile, mikono yote ikisimama hewani kwa pamoja, na ukumbi mzima ukapiga kofi. Nilikuwepo siku hiyo, na nilitembea kurudi stendi nikijiona mtu mkubwa sana.

Halafu akaja yule msichana wa chuo kikuu. Alikuwa akikaa hosteli Kahawa Wendani, na kwao ni Thika, kwa hiyo alipokuja kumwona mamake alipitia dukani.

"Sasa," akasema, macho yakiwa kwenye rafu yangu. "Haiya, mko na hii ya daraja! Hii ni noma. Naipendea ile song ya mwisho ya side one, hapo inapoa, gita inabaki peke yake…"

"Haipoi," nikamkata. "Hiyo inaisha tu ghafla."

"Inaishaje ghafla na bado iko katikati?"

"Madam, mimi ndio narekodi hizi vitu kila siku."

"Na mimi niko na original. Brathe yangu alinitumia kutoka majuu."

"Basi original yako imeharibika."

Alicheka mpaka akashika kaunta. Kicheko chake kilinichoma kuliko tusi. Aliniahidi kwamba ataileta nisikie mwenyewe, nami nikamwambia ailete hata kesho, na nilipofunga duka jioni nilikuwa bado ninabishana naye kichwani.

Wiki hiyohiyo mjomba alinikalisha chini. Kwaya moja ya kanisa ilikuwa imetoa kanda mpya, watu walikuwa wakiiulizia kutwa, na alitaka mahali pa kuiweka.

"Hiyo kelele yako inashikilia rafu bure," akasema. "Na bila hiyo rafu, sioni kazi yako hapa. Mama yako mdogo huko Mugutha anatafuta mtu wa kumsaidia na kuku. Nimemwambia ninaye."

Mama mdogo alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na kuku kila mahali, hata sebuleni, na mimi kuku siwapendi mpaka wawe ndani ya sahani. Nilimwambia mjomba siendi. Nilimwambia roki ina watu wake hapa mjini ila yeye hajawahi kuwaona kwa sababu hawezi kuipiga kwenye spika ya nje hata mara moja. Nikalia pia, nisifiche, kwa sababu pale dukani ndipo mahali pa kwanza ambapo mtu aliwahi kuniuliza maoni yangu akangoja jibu.

Mjomba hakupenda machozi. Alisugua paji la uso, akatazama spika.

"Sawa. Jumamosi mchana, watu wakitoka kazi, nitakuachia spika. Upande mmoja wa kanda moja, basi. Ikifika mwisho na watu bado wamesimama hapa nje, rafu ibaki, na wewe ubaki. Wakienda zao, Monday unaenda Mugutha. Na usiite hao marafiki zako wa Landless."

"Siwaiti, Anko."

"Na hakuna kukata rufaa."

Sikumwita mtu. Niliapa, na nilitimiza.

Jumamosi ilipofika mtaa ulijaa kama kawaida, maana viwanda vilikuwa vikifungwa mchana. Wanawake wa kiwanda cha nguo walikuwa wakipita na vitambaa vyao kichwani, wanaume wakitafuta chai, watoto wakivutwa kwenda kupimwa sare. Nilikuwa juu ya stuli nikiishusha kanda yangu ya Daraja wakati yule msichana wa chuo alipoingia, akaweka kitu juu ya kaunta bila hata kusalimia.

Kanda yake ilikuwa ya plastiki angavu, maandishi yamechapishwa juu yake. Kwenye jaketi daraja lilikuwa na rangi ya kijani, na chini yake kulikuwa na mto ambao sikuwahi kujua kwamba upo.

Mtu mwenye akili timamu angempa kiti asubiri, akapiga kanda anayoijua, akaokoa kazi yake. Lakini mimi nina hasira za karibu, na alikuwa akitabasamu. Nikajiambia kwamba kama wimbo wa mwisho utaisha ghafla, nataka aaibike mbele ya mtaa mzima wa Thika. Nikairudisha kanda yangu juu ya rafu, nikatia yake katika mashine, nikafungua sauti mpaka vioo vya fundi wa saa vikatetemeka.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, mama wa sare alitoka nje akaziba masikio. Watu wawili watatu walicheka wakapita. Mjomba alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani, akitazama barabara. Katika wimbo wa pili mwanamume mmoja mwenye ovaroli alisimama, kisha mwenzake akasimama kumngoja, wakabaki wote wawili. Wanawake wa kiwandani walisimama wapumzike miguu, nadhani, lakini walisimama. Kufikia wimbo wa tatu niliona baadhi ya vijana wa Landless, ambao walikuwa wamejipitia tu na mambo yao ya Jumamosi, wakaisikia Daraja ikitoka kwenye spika ya mjomba wangu, wakashikana mabega kwa kutoamini. Waliimba. Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha lakini walikijua chote. Msongamano ukaziba nusu ya barabara.

Ukafika wimbo wa mwisho. Gita ikapanda. Mwimbaji akapiga mayowe. Vijana wa Landless wakainua mikono, drams zikakimbia, wakapiga kofi lao moja kubwa.

Na wimbo ukaendelea.

Vijana walibaki na viganja vyao vimegusana, wakitazamana. Mmoja akauliza kwa sauti kama kanda imeharibika. Kicheko kikatokea nyuma, na yule wa ovaroli akamvuta mwenzake, wakaanza kuondoka. Watu wengine wakawafungulia njia. Mjomba alinigeukia, na usoni mwake niliona kuku wote wa Mugutha.

Ndipo drams zikanyamaza, ikabaki gita peke yake, chini kabisa, polepole, kama mtu anayesema jambo alilotaka kusema tangu mwanzo akakosa nafasi. Wa ovaroli akasimama katikati ya barabara. Mwimbaji, ambaye kwa miaka yote tuliyomjua alikuwa mtu wa kupiga mayowe tu, akaanza kuimba kwa upole. Sauti nzuri vile, na tulikuwa hatujui anayo! Hapakuwa na aliyeimba naye kwa sababu hapakuwa na aliyejua maneno. Wanawake wa kiwandani waliacha kuongea. Mama wa sare alishusha mikono masikioni. Halafu drams zikarudi, gita ya pili ikaingia, wimbo ukapanda tena, juu kuliko pale tulipokuwa tukipiga kofi, juu zaidi, na ulipofika kileleni ukaisha wenyewe, umeshiba, na mashine ikajizima.

Hakuna aliyesogea. Mjomba aliwatazama watu kutoka upande huu hadi upande ule.

"Rudisha!" kijana mmoja akapiga kelele, na baada yake wote. "Rudisha! Rudisha!" Hata wanawake wa kiwandani, hata wa ovaroli ambaye dakika chache kabla alikuwa anakwenda zake. Nikarudisha, na nilipoanza tena pale gita inapobaki peke yake, nilikuwa nikilia tena, safari hii kwa furaha, mbele ya kila mtu.

Yule msichana alisubiri nipanguse uso.

"Kanda zenu ni fupi," akasema taratibu. "Upande wa original ni mrefu kuliko hizi zenu. Ilijaa tu, wimbo bado unaenda."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Aliyerekodi nakala ya Nairobi alitumia kanda fupi, ikajaa kabla wimbo haujaisha. Sisi tukaisambaza hivyo Thika yote na Ruiru yote, na mimi nikahubiri juu yake. Nilimchukia yule msichana kwa muda mfupi sana, kisha nikamkumbatia juu ya kaunta. Nilikuwa nimeshindwa ubishi mkubwa kuliko wote niliowahi kuwa nao, na albamu yangu ilikuwa bora hata kuliko nilivyoitetea. Sijawahi kushindwa kwa raha namna ile tena.

Vijana wa Landless hawakuwa na raha sana. Walijazana mlangoni.

"Anko, mlituuzia song nusu!" mmoja akamwambia mjomba. "Tunataka mwisho wetu."

"Ngai, mwisho gani tena?" mjomba akauliza.

"Hiyo yote tumesikia sai. Hata brathe yangu wa Ruiru lazima apate. Band yao inakata hapo tu ovyo."

Mjomba alijaribu kusema kwamba hilo halikuwa kosa lake, akakatizwa, akajaribu tena, akakatizwa na mama wa sare, aliyetaka kujua kama kuna wimbo mwingine wa yule mvulana mwenye sauti ya upole. Nilimwona mjomba akisita. Alitazama juu kwenye rafu, akatazama zile kanda mpya za kwaya zilizokuwa bado ndani ya katoni sakafuni, akatumia mguu wake kuisukuma katoni chini ya kaunta.

Mama wa sare alirudia swali lake, akimuuliza mjomba, maana ndiye mwenye duka na ndiye aliyezoea kuulizwa.

"Mimi sijui," mjomba akasema, akaninyooshea kidole. "Muulize mwenyewe. Hiyo rafu ni yake."

Mama wa sare akanigeukia, akangoja. Nilikuwa na majibu ya miaka mingi juu ya jambo lile, mengine niliyatoa hata bila kuulizwa, lakini wakati huo sikutumia hata moja; niliigeuza kanda ya yule msichana upande wa pili, nikafungua sauti.